Maswali ya Wasomaji: Kiini cha Linux na Mashine Tulizonazo

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilipofikisha ukomo muda wa kuihudumia Windows 10, barua nyingi zinazoletwa kwenye safu hii huuliza jambo moja kwa njia mbalimbali: nikihamia Linux, mashine yangu itakubali? Jibu hutegemea kiini, ambacho mafundi wengi hukiita keneli, yaani ile sehemu ya mfumo endeshi inayokaa kati ya programu na vifaa, ikigawa kumbukumbu, ikipanga zamu za prosesa na kuzungumza na kila kadi iliyomo ndani ya kasha. Safari hii nimechagua barua sita zinazokihusu kiini hicho, baadhi nikizifupisha.

Shule yetu ina kompyuta ishirini za mtumba zenye RAM ya gigabaiti 4. Fundi ametushauri tuweke Linux, lakini anasema tutafute toleo la zamani la kiini, kwa sababu jipya litazilemea mashine kuukuu. Je, ni kweli?
*Mwalimu wa TEHAMA, Iringa*

Mwalimu, fundi wako ana hoja, ila ameipachika mahali pasipo pake. Kinachoilemea kompyuta ya gigabaiti 4 leo ni kivinjari chenye kurasa kumi zilizofunguliwa, pamoja na mazingira ya eneokazi yenye madoido mengi. Kiini chenyewe hutumia sehemu ndogo ya kumbukumbu hiyo, na matoleo ya karibuni yameongezewa mbinu ambazo mwenye mashine ndogo ndiye anayezihitaji kuliko mwenye mashine kubwa.

Kwanza tuelewane kuhusu namba, kwa maana hapo ndipo wengi hupotea. Namba ya kwanza ya toleo la kiini haimaanishi kwamba mfumo umejengwa upya. Linus Torvalds, aliyeanzisha kazi hii mwaka 1991 akiwa mwanafunzi jijini Helsinki, huiongeza namba ya kwanza pale ya pili inapokuwa kubwa hadi inachosha. Ndiyo maana 3.19 ilifuatwa na 4.0, na 5.19 ikafuatwa na 6.0. Yeye mwenyewe hutania kwamba huongeza namba anapoishiwa vidole vya mikono na miguu vya kuhesabia. Toleo jipya hutoka kila baada ya majuma tisa au kumi: katika majuma mawili ya mwanzo hupokelewa mambo mapya, kisha mlango hufungwa na muda unaobaki hutumika kusaka hitilafu. Kwa hiyo namba ya toleo isome kama unavyosoma tarehe iliyochapwa kwenye pakiti ya unga: inakueleza pakiti ilifungwa lini, haikuelezi uzito wake.

Katika toleo 6.1 la Desemba 2022 iliingia njia mpya ya kuchagua kurasa za kumbukumbu (vipande vidogo ambavyo kiini huigawa RAM, si kurasa za kivinjari) za kuondolewa pale RAM inapojaa, inayojulikana kwa kifupi kama MGLRU. Zamani kiini kilizigawa kurasa hizo katika makundi mawili tu, zinazotumika na zisizotumika, na mara nyingi kilikosea, kikaitupa nje kurasa ambayo mtumiaji angeihitaji sekunde moja baadaye. Sasa kurasa hupangwa katika vizazi kadhaa kulingana na muda uliopita tangu ziguswe, hivyo zinazoondolewa ni zile zilizosahaulika kweli. Distro nyingine, yaani mikusanyo ya Linux iliyo tayari kusakinishwa kama Debian na Ubuntu, huja na mbinu hii ikiwa imezimwa, kwa hiyo soma faili la /sys/kernel/mm/lru_gen/enabled: ukikuta 0x0000 imezimwa, na ukiandika herufi y ndani yake kwa mamlaka ya msimamizi wa mfumo itawaka, ingawa itabidi uipange ijirudie kila mashine inapowashwa.

Mbinu ya pili ni kongwe zaidi, nayo ni zram, iliyoingia rasmi katika toleo 3.14 la mwaka 2014. Badala ya kuzihamishia kurasa za ziada kwenye diski, ambayo katika kompyuta za mtumba mara nyingi ni ile ya sahani inayozunguka, kiini huzibana na kuzihifadhi humohumo kwenye RAM. Kurasa nyingi zikibanwa hubaki nusu ya ukubwa wake au chini ya hapo. Kazi ya kubana huichosha prosesa kidogo, lakini prosesa hata ya mwaka 2012 humaliza kazi hiyo mapema sana kuliko diski ya sahani inavyoweza kuitafuta data. Kama nikiruhusiwa kuchagua badiliko moja tu kwa maabara yako, ningechagua hili.

Sasa nije kwenye ukweli alio nao fundi wako. Mwezi Januari 2018 ulitangazwa udhaifu wa prosesa ulioitwa Meltdown na Spectre, na kinga zake zilipunguza kasi ya prosesa za zamani kwa kiasi kinachoonekana. Hata hivyo, kinga hizo zilirudishwa pia katika matoleo ya zamani yanayoendelea kuhudumiwa, kwa hiyo ukitaka kuzikwepa itabidi utumie kiini kilichotelekezwa kabisa, jambo ambalo sikushauri katika chumba chenye wanafunzi na intaneti. Jambo jingine ni prosesa za biti 32. Kiini kiliacha kuitumikia prosesa kongwe ya 386 katika toleo 3.8 la mwaka 2013, na Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi cha mashine za biti 32. Endesha amri lscpu katika kila kompyuta. Kama mstari wa aina za uendeshaji unataja biti 64, basi weka Debian 13 yenye kiini 6.12 pamoja na eneokazi jepesi kama Xfce au LXQt. Anza na mashine moja, iwashe kutoka kwenye flashi bila kusakinisha chochote, waachie wanafunzi waichezee juma zima, kisha uzifuate hizo kumi na tisa.

Shikamoo. Kaka yangu aliyeko Dubai amenitumia laptopu mpya kabisa. Nimeweka Ubuntu 22.04 kwa flashi ambayo nimeitumia tangu ilipotoka, lakini waifai haionekani na mwanga wa kioo haupungui. Muuzaji mmoja ameniambia Linux haiwezi laptopu hii. Nifanye nini?
*Fundi kijana, Mombasa*

Marahaba. Muuzaji huyo angesema kweli kama angeongeza neno moja: bado.

Katika Windows umezoea kwamba kifaa huja na draiva yake, yaani programu inayouwezesha mfumo kuzungumza na kifaa hicho, ukaisakinisha kutoka kwa mtengenezaji. Katika Linux karibu draiva zote zimo ndani ya kiini chenyewe, na ndizo zinazochukua sehemu kubwa zaidi ya msimbo wake uliokwisha kupita mistari milioni 30. Uzuri wake ni kwamba kifaa kilichokwisha kupokelewa hufanya kazi bila kuulizwa swali lolote. Ubaya wake umekupata wewe: kiini kilichofungwa kabla ya kifaa kuzaliwa hakiwezi kukijua. Flashi yako ya mwanzo ya Ubuntu 22.04 ina kiini 5.15, kilichotoka Oktoba 2021. Draiva ya familia ya rtw89, inayozitumikia kadi nyingi za waifai za Realtek zilizomo katika kompyuta mpakato za bei nafuu, iliingia katika toleo 5.16 la Januari 2022 ikiwa na kadi moja tu, na nyingine zikaongezwa moja baada ya moja. RTL8852BE, kwa mfano, ilisubiri hadi 6.2 ya Februari 2023. Kosa ni la flashi yako, wala si la laptopu.

Kabla hujafanya lolote, ifahamu kadi uliyo nayo. Endesha amri lspci -nnk, kisha utafute sehemu ya kadi ya mtandao isiyotumia waya. Chini yake pakikosekana mstari unaotaja draiva inayotumika, basi kiini hakiijui kadi hiyo, na dawa ni kiini kipya zaidi. Draiva ikitajwa lakini waifai ikawa bado haionekani, tatizo huenda liko kwenye femwea, yaani programu ndogo ambayo kiini huipakia ndani ya kadi kila mashine inapowashwa. Femwea haimo ndani ya kiini, kwa sababu nyingi hutolewa na watengenezaji bila msimbo wake. Hukaa katika pakiti ya peke yake, ambayo kwenye Ubuntu huitwa linux-firmware. Amri dmesg itakuonyesha malalamiko, na mara nyingi jina kamili la faili linalokosekana limo humo.

Utaniuliza utapakuaje kiini kipya bila intaneti. Chomeka simu yako kwa kebo ya USB, uwashe ugavi wa intaneti kupitia kebo hiyo, na kompyuta itaiona simu kama kadi ya mtandao, kwa kuwa draiva ya kazi hiyo imo ndani ya kiini tangu zamani. Njia hii imeniokoa mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Baada ya hapo, pakua flashi ya Ubuntu 24.04, ambayo ilianza na kiini 6.8, au kama una sababu ya kubaki 22.04, sakinisha pakiti ya linux-generic-hwe-22.04 inayoleta kiini hichohicho cha 6.8. Mwanga wa kioo nao, kwa dalili ulizozitaja, umekwama kwa sababu draiva ya michoro haijaitambua mashine, na inawezekana ukapona kwa dawa hiyohiyo.

Onyo moja, ndugu yangu. Utakutana na watu wanaokuelekeza upakue msimbo wa draiva kutoka mahali usipopajua na kuujenga mwenyewe. Huenda ikafanya kazi leo, lakini kiini kikisasishwa mwezi ujao itakatika, kwa maana watunzaji wa Linux wana sheria kali ya kutovunja programu za watumiaji, ila hawajawahi kuahidi kwamba mambo ya ndani, ambako draiva hizo zimejishikiza, hayatabadilika. Mteja wako atarudi dukani akidhani umemharibia mashine.

Kadi ya kamera yangu ya gigabaiti 128 haifunguki katika kompyuta ya ofisi yenye Linux ya zamani, ilhali ya gigabaiti 32 inafunguka. Kadi ni mbovu?
*Mpiga picha za harusi, Arusha*

Kadi yako ni nzima. Kadi zilizozidi gigabaiti 32 kwa kawaida hupangwa kwa muundo wa exFAT, uliobuniwa na Microsoft, ambao kwa miaka mingi haukuweza kuingia katika kiini kwa sababu za hataza, yaani haki za uvumbuzi. Agosti 2019 Microsoft ilichapisha maelezo ya muundo huo na kuridhia utumike katika Linux. Draiva ya kwanza ikaingia kwa majaribio katika toleo 5.4 mwishoni mwa mwaka huo, na nyingine bora zaidi, iliyoandikwa na Samsung, ikachukua nafasi yake katika 5.7 ya mwaka 2020. Endesha uname -r katika kompyuta hiyo: namba ikiwa chini ya 5.7, ama sasisha mfumo ama sakinisha pakiti ya exfat-fuse. Usikubali ushauri wa kuipanga kadi upya kabla ya kunakili picha za watu.

Nina studio ndogo ya kurekodi taarabu. Kanuni na fidla zikirekodiwa pamoja, sauti hutoa vimlio vya kukatika. Nimesikia kiini 6.12 kina mfumo wa wakati halisi. Je, kitaifanya kompyuta yangu iwe na kasi zaidi?
*Mwenye studio, Zanzibar*

Hapana, na huenda ikapungua kasi kidogo. Barua yako imenifurahisha kwa sababu imegusa badiliko ambalo lilichukua miaka ishirini kukamilika, na ambalo hueleweka vibaya kuliko mengine yote.

Wewe unawajua wapigaji. Mpiga dumbaki hodari anaweza kuwa na mkono mzito kuliko wenzake, lakini pigo lake haliji baada ya wakati wake. Hiyo ndiyo maana ya wakati halisi: kazi kumalizika kabla ya muda uliowekwa, kila mara, hata siku ambayo kompyuta ina shughuli nyingi. Fikiria hesabu ya studio yako. Ukirekodi kwa sampuli 48,000 kwa sekunde na akiba ya sampuli 128, kompyuta ina takriban milisekunde 2.7 za kupokea fungu moja la sauti kabla ya jingine kufika. Kiini cha kawaida kinaweza kumaliza kazi hiyo mara elfu tisa bila shida, kisha mara moja kikawa kimejifungia ndani ya kazi yake nyingine, pengine kuandika kwenye diski, na hakiruhusu kukatishwa hadi kimalize. Zikipita milisekunde tano, fungu limepotea, na wewe unasikia kimlio.

Mradi wa kuondoa kasoro hii, unaojulikana kama PREEMPT_RT, ulianza mwaka 2004 mikononi mwa watu kama Ingo Molnar na Thomas Gleixner. Walichofanya ni kuzibadili kufuli za ndani ya kiini ili aliyezishika aweze kusimamishwa na kazi yenye haraka zaidi, na kuzifanya huduma za vifaa ziendeshwe kama kazi za kawaida zinazoweza kupangiwa zamu. Sehemu nyingi za mradi ziliingia kidogokidogo, na watumiaji wa kawaida wamenufaika nazo bila kujua. Kikwazo cha mwisho kilikuwa kile ambacho mtu asingekidhania: utaratibu wa kiini wa kuandika ujumbe wake kwenye kioo, ambao ulipaswa kufanya kazi hata wakati kiini kinakufa, na kwa hiyo haukukubali kungoja mtu. Ulipokwisha kurekebishwa, Gleixner alimkabidhi Torvalds ombi la kuupokea mradi likiwa limechapwa na kufungwa katika karatasi ya rangi ya dhahabu, walipokutana Vienna mwezi Septemba 2024. Toleo 6.12 lilitoka tarehe 17 Novemba mwaka huo, likiwa na uwezo huo kwa mashine zenye prosesa za aina ya x86, ya ARM ya biti 64 na ya RISC-V.

Kuwamo ndani ya msimbo, hata hivyo, hakumaanishi kuwashwa. Kiini unachopewa na distro kwa kawaida hujengwa bila uwezo huo, kwa sababu ahadi ya kutochelewa hulipiwa kwa kupunguza kiasi cha kazi inayofanyika kwa jumla, na seva za benki haziutaki mpango huo. Debian hutoa pakiti ya peke yake, linux-image-rt-amd64. Lakini kabla hujaisakinisha, jaribu mambo mawili ambayo kwa maoni yangu yatatosha katika studio ya ukubwa wako. Ongeza neno preempt=full katika mstari wa kuwashia kiini, kama kiini chako kimejengwa kwa uwezo wa kubadilisha tabia hiyo; uwezo huo ulikuja na 5.12. Kisha ipe programu yako ya sauti ruhusa ya kipaumbele cha juu, maana bila ruhusa hiyo hata kiini cha wakati halisi hakitajua kwamba kanuni ni muhimu kuliko kisasisho kinachopakuliwa. Wakati wa kurekodi, zima waifai. Vimlio vikibaki baada ya hayo yote, ndipo uende kwenye kiini cha RT.

Mhadhiri wetu anasema Linux inaandikwa upya kwa lugha ya Rust. Je, tuliotumia miaka miwili kujifunza C tumepoteza muda?
*Mwanafunzi wa sayansi ya kompyuta, Dodoma*

Hamjapoteza hata siku moja. Rust ilikaribishwa katika kiini kwa toleo 6.1, kwa juhudi zilizoongozwa na Miguel Ojeda, ili itumike kuandikia sehemu mpya, hasa draiva, na hakuna mpango wa kuibomoa nyumba iliyojengwa kwa C kwa zaidi ya miaka thelathini. Sababu ya kuikaribisha ni makosa ya kumbukumbu: programu kuendelea kuitumia sehemu iliyokwisha kuiachia, au kuandika nje ya mpaka wake. C hukuachia wewe jukumu la kuyazuia, na Rust huyakataa mengi kabla programu haijajengwa. Matunda yake bado ni machache. Toleo 6.8 la Machi 2024 lilikuwa na draiva ya kwanza ya mtandao iliyoandikwa kwa Rust, na 6.12 likaleta msimbo wa Rust unaochora alama ya QR kwenye kioo pale kiini kinapoanguka, ili uipige picha kwa simu na kupata maelezo ya ajali badala ya kunakili tarakimu kwa kalamu, kazi ambayo sisi wazee tuliifanya sana.

Anayetaka kuandika draiva kwa Rust itambidi aisome ile ya C anayoifuatisha. Mwelewane na mhadhiri wenu kwa heshima, lakini kitabu cha C msikiuze.

Simu yangu ya Android inaonyesha kiini 4.19. Naweza kukipandisha kuwa 6.12?
*Msomaji, Bujumbura*

Kwa njia ya kawaida, hapana. Android imejengwa juu ya kiini cha Linux, lakini mtengenezaji wa simu huongeza draiva zake za kamera, modemu na kioo ambazo mara nyingi hazikuwahi kupelekwa kwa Torvalds, na zimefungamana na toleo moja tu. Simu zilizotoka kiwandani na Android 12 pamoja na kiini 5.10 au zaidi zilianza kutenganisha kiini cha pamoja na draiva za mtengenezaji, ila ya kwako ni ya kabla ya utaratibu huo. Toleo 4.19 lilitoka Oktoba 2018, na huduma yake kwa upande wa Linux ilikoma Desemba 2024. Fungua mipangilio ya simu, uingie sehemu inayoeleza habari za kifaa, na utazame tarehe ya sasisho la usalama; kama imepita mwaka mmoja, usiendelee kuweka programu ya benki katika simu hiyo.